Mwana wa Magadi

Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, iwe Pemba au Tanga, hawastaajabu maji ya bahari yanapogeuka rangi kabla ya kuganda. Maji huingizwa katika vitalu, jua likayanywa siku baada ya siku, na yanapokaribia kuwa chumvi tupu hupiga wekundu: mara wa waridi, mara wa damu iliyochanganyika na maji. Mpishi naye anaujua wekundu huo kwa upande mwengine. Papa aliyetiwa chumvi na kuwekwa penye joto na unyevu hufanya madoa mekundu, na mwenye duka humficha chini ya wenziwe ili mnunuzi asimwone.

Wekundu huo ni uhai. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika imani kwamba chumvi huua uozo, na ndiyo maana twamtia samaki chumvi. Imani hiyo ni ya kweli kwa viumbe vingi, lakini si kwa vyote. Vipo viumbe vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, ambavyo chumvi kwao si adui bali ni maskani. Baadhi yao ukiwatia katika maji baridi hupasuka wakafa. Wataalamu huwagawa: wengine ni bakteria, na wengine ni wa ukoo wa peke yake uitwao arkea, uliotambuliwa mwaka 1977. Katika kurasa hizi nitawaita wote kwa jina moja nililoliunda kwa haja ya kazi: vipendachumvi.

Ajabu yao ni hii. Chumvi huvuta maji. Akatiaye embe mbichi chumvi kwa ajili ya achari anajua kwamba baada ya muda mfupi bakuli litajaa maji yaliyotoka ndani ya embe lenyewe. Ndivyo chumvi inavyoviua viumbe vya kawaida, kwa kuvinyonya maji yao. Vipendachumvi vina hila mbili za kujikinga. Vyengine hujijaza chumvi ndani, aina ya potasiamu, mpaka ndani kukalingana na nje, na kila kilichomo mwilini mwao kimeumbwa kufanya kazi katika ukali huo. Vyengine huizuia chumvi isiingie, vikatengeneza ndani yao vitu vilaini vinavyoshika maji yasitoroke. Kitu kimoja cha namna hiyo, ektoini, kiligunduliwa mwaka 1985 katika bakteria kutoka Wadi Natrun, Misri, na leo hutiwa katika krimu za kulinda ngozi isikauke.

Lakini kilichowafanya watu wa viwanda wavifuate vipendachumvi ni vimeng'enya vyao. Neno hili limo katika vitabu vya skuli, na msomaji wa mashairi yamkini ameliacha huko huko. Basi na alirudie jikoni. Mpishi wa mishkaki hupaka nyama papai bichi, na nyama ngumu ikalainika kabla haijaona moto. Kilichofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai. Utafunapo kipande cha muhogo mpaka kikaingia utamu ambao hukuusikia mwanzoni, mate yako yana kimeng'enya kinachoukata wanga kuwa sukari. Kimeng'enya ni uzi mrefu uliojikunja kwa umbo maalumu; hushika kitu, hukikata au hukiunga, kisha hukiachia na kushika chengine, chenyewe kisiishe. Jina lenyewe, lililotokana na kumeng'enya, lasimulia nusu tu ya habari, kwani vimo vimeng'enya vinavyojenga pia. Lakini ni jina zuri, na ni letu.

Vimeng'enya vya kawaida huharibika upesi. Vitie katika chumvi nyingi au katika maji makali ya sabuni, uzi hukunjuka na kazi ikakoma. Vya vipendachumvi havitishiki: vilikozaliwa ndiko huko. Sabuni ya kufulia ni kali kwa tabia yake, kwa hiyo kimeng'enya cha kung'oa doa la damu au la mchuzi ndani ya sabuni hufaa zaidi kikitoka kwa kiumbe kilichozoea ukali. Hapo ndipo macho ya wataalamu yalipoiacha bahari yakapanda bara.

Mpwani hudhani kuwa chumvi yote ni ya bahari. Afikapo Arusha akaingia sokoni atakuta mafungu ya mawe ya kijivu na meupe, mepesi, yakiuzwa kando ya maharage na mahindi ya makande. Hayo ni magadi. Twayajua hata kwetu: hulainisha kunde, na watumiao ugoro hawaachani nayo. Lakini magadi si chumvi ya chakula. Chumvi ya bahari ni sodiamu na klorini. Magadi ni sodiamu na kaboneti, na maji yake huteleza vidoleni kama maji ya sabuni. Mengi ya magadi ya huko hutoka Ziwa Natron, kaskazini mwa mkoa, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani ijulikanayo leo kutoa lava ya namna ya magadi: hutoka nyeusi, ikakutana na hewa yenye unyevu, ikageuka nyeupe. Jina Natron ni ndugu wa natrun ya Waarabu, ile ile ambayo Wamisri wa kale waliikaushia maiti za wafalme wao.

Si lazima kwenda mbali hivyo. Kutoka mjini Arusha, kwa safari isiyofika nusu siku, utaufikia upande wa mashariki wa Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Zamani sana, yakadiriwa miaka 7,000 na ushei, ubavu wa mashariki wa mlima huo uliporomoka, tope na mawe yakamwagika hadi uwandani, yakaacha vilima na mashimo. Katika mashimo hayo yamekaa maziwa ya Momela. Maji huingia kwa chini kwa chini, hayana pa kutokea ila kupanda angani kwa jua, na yanachokiacha nyuma ni magadi. Kila ziwa lina rangi yake, hili la kijani, lile la buluu, kwa kadiri ya madini na mimea midogo iliyomo. Heroe hujaa huko kwa maelfu, wakichuja chakula chao katika maji hayo. Maziwa hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikapewa jina la sasa mwaka 1967.

Maji ya mlima huo yana gharama yake. Yamebeba floraidi nyingi kutoka katika miamba ya volkano, na wanywao tangu utotoni huota meno ya rangi ya kahawia. Kwa wengine, katika vijiji vya chini ya mlima, hata mifupa hupinda. Kwa hiyo wenyeji wa huko hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba maji yao si kama maji ya wengine. Wameyalipia kwa miili yao.

Sasa nije kwenye kisa kinachonifanya niandike. Katika miaka ya 1990, vijidudu vilivyochotwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya vilifika katika maabara za Ulaya, na kampuni ya Genencor ya Marekani ikapata kutokana navyo vimeng'enya vya biashara. Kimoja kiliingia katika sabuni. Chengine kilitumika kuchujua suruali za jinzi. Zamani jinzi mpya ilikuwa ikioshwa pamoja na mawe mepesi ya volkano ili ionekane imekwishavaliwa; kimeng'enya hula nyuzi za juu za pamba, kikaifanya kazi ile ile bila ya kulipasua vazi wala mashine. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza kwamba litadai fungu lake, kwa hoja kwamba vijidudu vilitolewa katika maeneo yake bila ya ridhaa wala mgawo. Upande wa pili ukajibu kuwa utafiti ulifanywa kwa kibali. Mwaka 2007 shirika hilo hilo likafanya mkataba na kampuni nyengine, Novozymes ya Denmark, ambayo tangu 2024 yaitwa Novonesis, safari hii masharti yakiwekwa kabla ya kuchota.

Nilipokuwa nikipita kwenye mitumba ya Arusha, nikaona suruali za jinzi zimetundikwa kwa mamia, zimechujuka magotini kwa ustadi, sikuweza kuzitazama kwa jicho la zamani. Hakuna awezaye kusema ni ipi iliyooshwa kwa kimeng'enya cha Bonde la Ufa. Lakini yamkini mojawapo ilioshwa kwacho, ikavaliwa Ulaya, ikachakaa, ikafungwa robota, ikarudi kuuzwa kwa bei ya mtumba katika bonde lile lile.

Nilikuwa Arusha kwa kazi ya tafsiri. Vijana watafiti walitaka kuchota maji na tope katika chemchemi zilizo nje ya mpaka wa hifadhi, upande wa Ngarenanyuki, na walihitaji karatasi ya kuwasomea wanakijiji. Walikuwa vijana wema, wenye haraka ya masomo. Karatasi ilikuwa ya kurasa tatu kwa Kiingereza, na uzito wake wote ulikuwa katika sentensi moja ya ukurasa wa pili, isemayo kwamba sampuli zaweza kutumika kwa utafiti zaidi na kwa maendeleo ya bidhaa.

Sentensi hiyo ningeweza kuitafsiri kwa dakika moja. Kiswahili cha ofisi kina maneno yake tayari: sampuli, utafiti zaidi, maendeleo ya bidhaa. Yangepita masikioni kama upepo, na kila mtu angepiga dole gumba. Nikakaa nayo usiku kucha. Mwisho niliandika hivi: tutachota maji na tope, ndani yake mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, tukikuta kimoja chenye kazi, tutajifunza siri yake, siri hiyo yaweza kufanywa kitu cha kuuzwa, hapa au ng'ambo. Mmoja wa watafiti akaniambia kwamba tafsiri imerefuka. Nikamjibu kwamba haikurefuka. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa imekunjwa.

Kikao kilifanyika chini ya mti, na karatasi nikaisoma mimi. Nilipofika kwenye siri na kuuzwa, mzee mmoja wa Kimeru, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akainua fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe wangu ukimchukua, nitaona zizi ni tupu. Hicho mtakachochukua, mimi sitaona kimepungua. Lakini kikizaa huko kwenu, mwana ni wa nani?"

"Mzee, swali hilo si la kwangu kulijibu," nikamwambia, "lakini nitaliandika kama ulivyolisema."

Kumwelewa mzee yule ni lazima kujua alipokuwa amesimama. Ngarenanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu, ni ardhi ambayo mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuyapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakatoa kitabu juu ya kesi hiyo. Watu wa hapo wana kumbukumbu ya kunyang'anywa kwa karatasi. Karatasi mpya ikisomwa, hata kama ni ya watu wema, husikilizwa kwa masikio hayo.

Nikalirudisha swali kwa watafiti, nalo likawatia mashakani, kwani ni swali gumu hata kwa mahakimu. Chemchemi ni ya kijiji, ya serikali, au ya mlima? Kiumbe kisichopungua kwa kuchukuliwa, kimeibiwa vipi? Na faida, ikipatikana, ni ya aliyekilinda bila kukijua, au ya aliyekijua?

Hapo ndipo upwani wangu uliponisaidia. Kwetu visiwani jambo hili si geni hata kidogo. Mtu aweza kuwa na minazi au mikarafuu juu ya ardhi isiyo yake. Mti hurithiwa, huuzwa, huwekwa rehani, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Mwenye mti ana haki ya kupita, ya kuangua, ya kuokota kilichoanguka; mwenye ardhi ana haki zake; na wanapogombana, wazee hukaa wakapima haki ya kila mmoja bila ya kumfuta mwenziwe. Mgeni asiyezoea huona ni vurugu. Kwa kweli ni elimu: kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na wenyewe wengi kwa namna nyingi, na kwamba kumkaribisha mtu achume si kumpa shamba. Niliwaeleza vijana wale hivyo, kisha nikawaeleza wazee hivyo hivyo, na nikaona kwamba pande mbili zimeanza kuzungumza jambo moja. Maji yachotwe, yatakayozaliwa yasihesabiwe kuwa yamekwishatolewa.

Sheria za dunia zimefika karibu na hapo kwa njia ndefu. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010 ikaanza kutumika mwaka 2014, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Yataka ridhaa itolewe kabla, na mgawo ukubaliwe kabla. Lakini itifaki hiyo ilifikiria maji, tope, jani, mbegu, na siku hizi hata tope halihitajiki. Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne, na herufi hizo zikishasomwa huhifadhiwa katika kompyuta, akachukua atakaye. Katika Ziwa Magadi, Kenya, kuna kipendachumvi kilichoelezwa na wataalamu mwaka 1984. Mwaka 2016 watafiti wa China wakatangaza kwamba protini yake yaweza kuhariri jeni za binadamu, na dunia ya sayansi ikatikisika. Wengine walijaribu wasifanikiwe, na makala ikaondolewa mwaka 2017. Yaliyo muhimu kwangu si kuanguka kwa dai, bali kwamba kazi ile haikuhitaji mtu kulowesha mguu Magadi. Mwaka 2024, katika mkutano wa Cali nchini Kolombia, mataifa yalikubaliana juu ya mfuko ambao kampuni zinazofaidika na herufi hizo zitarajiwe kuuchangia. Uchangiaji ni wa hiari, na hiari ya mwenye nguvu sote twaijua ilivyo.

Nimeishi kwa herufi, za wengine na za kwangu, na sikuwahi kusoma sayansi zaidi ya ile ya skuli. Lakini naona kwamba wataalamu wa viumbe, walipotafuta jina la kitendo cha kusoma herufi hizo nne na kujenga kwazo kimeng'enya, waliliita tafsiri. Walilichukua neno kutoka kwetu sisi, wala hatukuwadai kitu. Hata hivyo kila mfasiri anajua adabu moja: jina la mtunzi haliondolewi juu ya ukurasa. Shairi laweza kufika lugha kumi, likaimbwa na wasiomjua mtunzi sura, na bado ni lake. Sioni kwa nini adabu hiyo isimfikie kiumbe na maji yaliyomlea, na watu waliokunywa maji hayo mpaka meno yakabadilika.

Karatasi yetu iliondoka na kurudi baada ya wiki kadhaa. Kulikuwa na sentensi mpya: hakuna kitu cha kuuzwa kitakachotengenezwa kutokana na maji haya bila ya kurudi na kukubaliana upya na kijiji. Haikusema mgawo utakuwa kiasi gani, wala haikusema nini kitatokea herufi zikishasafiri peke yake. Mzee wa fimbo aliisikiliza mara mbili, akataka isomwe mara ya tatu kwa Kimeru na kijana wa pale, kisha akaridhia kuchotwa.

Yapo mengi bado chini ya Meru, katika Natron, na katika vitalu vyetu vyekundu vya Pemba, ambayo hayajachotwa wala hayajasomwa. Yatachotwa, na si vibaya yachotwe; dawa na manufaa ya watu wote yaweza kuwamo. Ninachokitaka kwa wenzangu wa kalamu ni kazi yetu ya kila siku. Tuvipe viumbe hivi majina yanayosikika, tuifungue kila sentensi iliyokunjwa, ili siku chombo kitakapoletwa ukingoni mwa maji, aliyesimama pale ajue kinachochotwa na aulize kwa lugha yake mwana atakuwa wa nani.